Kwa nini mahindi na ng'ombe walishuka kwenye treni wakapanda malori? Na reli mpya ya SGR itawarudisha?

Kidagaa wa Ziwani #1
Wakuu salaam. Kila ukigusa habari ya malori ya mazao barabarani, jibu ni lilelile: "reli ilikufa". Mimi nasema reli haikufa yenyewe. Kilimo kiliihama.

Angalieni reli zilipopita. Mwanza treni ilifika 1928, pamba ndiyo ikawa mzigo wake. Arusha ilifika 1929, kahawa. Tanga ni katani. Zao moja, msimu mmoja, linaelekea bandari moja. Mzigo wa namna hiyo treni inaupenda. Leo mzigo mkubwa wa nchi ni chakula: mahindi, mchele, nyanya, viazi, vitunguu, mbuzi, kuku. Unatoka kila kona, unaenda kila mji, kila siku ya mwaka. Mtoto wa Mwanza leo anakula viazi vya Njombe. Treni gani itafuata mzigo kama huo?

Ndiyo maana hawa wanaosema SGR itayatoa malori ya mazao barabarani nawaona kama wanaota. Karibuni mnipinge.

Ngoja Waje #2
Ngoja waje wenye reli yao. Nimekaa hapa na karanga.

Mzee wa Behewa #3
Kijana, umeandika vizuri lakini umegeuza mambo. Mimi nimeanza kazi wakati wa East African Railways. Mzigo ulikuwepo, sisi ndio tulioshindwa kuubeba.

Jumuiya ilipovunjika 1977 karakana kuu ilibaki Nairobi. Tukaanza shirika letu na vichwa vichache na vipuri vya kubahatisha. Mfanyabiashara anaomba behewa, anasubiri mpaka mchele wake unaanza kuota funza stesheni. 2007 ikakodishwa kwa kampuni ya Kihindi, ndoa haikufika mbali, serikali ikairudisha mikononi mwake. Katikati ya hapo, Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yakazoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe na reli ya kati ikakatika kabisa. Mchuuzi akishahama kipindi kama hicho harudi kwa tangazo la redio.

Na ng'ombe: tulipakia Shinyanga na Malampaka, tunashusha Pugu, mnada uko pua na mdomo na stesheni. Hivi unafikiri mnada ule uliwekwa Pugu kwa bahati mbaya?

Msukuma wa Usangu #4
Mzee shikamoo. Hao ng'ombe wa Malampaka unaowasema wajukuu zao hawako tena Malampaka. Sisi wenyewe tumehama nao. Babu alikuwa Maswa, baba akashuka Usangu, na 2006 tulipofukuzwa Ihefu ndugu zangu wengine wakaishia Lindi na Rufiji, wengine Katavi. Malisho ya usukumani yameliwa na pamba, mpunga na watu.

Sasa niambie, ng'ombe wa Liwale apande treni ipi? Hapo namuunga mkono mleta uzi. Mfugaji kahama, reli imebaki palepale.

Toroli la Muheza #5
Mleta uzi kuna pahala umeteleza. Reli ya Tanga haikujengwa kwa ajili ya katani. Ilianza 1893, na matumaini ya Wajerumani wakati ule yalikuwa kahawa ya milima ya Usambara. Kahawa ile ikawatoa jasho, haikulipa. Katani ndiyo iliyokuja kupandwa huku kando ya reli, kwa sababu reli ilikuwepo tayari. Mpaka treni inafika Moshi 1911 mashamba yalikuwa yameshaifuata njia nzima.

Kwa hiyo ni kinyume cha ulichosema. Zao lilifuata reli.

Nyongeza: mkonge ukiuchakata, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kusafirisha majani mabichi mbali ni kusafirisha maji. Ndiyo maana kila shamba lilikuwa na korona yake, yaani mashine ya kuchakata, na reli ndogo za toroli humo ndani, treni kubwa inakuja kuchukua marobota tu. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, toroli zikauzwa chuma chakavu. Huku hakuna lori lililomnyang'anya treni kitu. Mzigo wenyewe uliyeyuka.

Kidagaa wa Ziwani #6
Toroli la Muheza, hiyo ya kahawa ya Usambara nimeipokea, asante. Lakini inanisaidia mimi: zao lilipoanguka, reli ya Tanga ikabaki haina kazi. Haikuweza kujifunza kubeba kitu kingine.

Toroli la Muheza #7
Reli haijifunzi mkuu, ni chuma 😂

Binti Ilula #8
Habari zenu. Mimi nipo kwenye nyanya, Ilula. Hizo 1928 na 1893 nawaachia.

Nyanya unachuma mchana, unapanga kwenye matenga, gari linaondoka jioni ili alfajiri liwe soko la Ilala. Likichelewa likafika saa nne asubuhi, umeshapoteza. Wachuuzi wa rejareja wameshanunua kwa mwingine na bei imeshuka. Ikifika jioni tenga la chini linachuruzika. Hata mkinipa treni bure inayofika keshokutwa, siitaki.

Tena sisi wa Ilula hatukuwa na nyanya kiasi hiki zamani. Barabara ya lami ya Tanzam, hii ya kwenda Zambia, ndiyo iliyotufanya wakulima wa nyanya. Kama kule Tanga zao lilifuata reli, huku lilifuata lami.

Karani Mstaafu #9
Naona mnaruka jambo kubwa, siasa ya bei.

Katikati ya miaka ya 70 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga analipwa sawasawa na wa Morogoro, gharama ya kuyasafirisha inabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Fikiria maana yake. Umbali ulifutwa kwa kalamu. Mkulima wa Rukwa na Ruvuma ambaye zamani asingethubutu kulima mahindi ya kuuza Dar, akalima, na mbolea ya ruzuku juu. Hapo ndipo Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la taifa. Sumbawanga na Songea hakuna reli.

1976 vyama vya ushirika vikafutwa, mamlaka za mazao zikachukua kazi. NMC ikazama kwenye madeni. Bei moja ikaondolewa miaka ya 80, lakini mahindi hayakurudi yalikotoka. Mvua kusini nzuri, watu wameshazoea, na lami ya Makambako–Songea ikakamilika miaka hiyohiyo ya 80. Kwa hiyo umbali mliokuwa mkilipiwa na serikali sasa unalipwa na mkulima kwenye bei ya gunia shambani. Mahindi yakishavunwa kwa wingi Songea, mtu wa kwanza kupunjwa ni yule aliye mbali na lami.

Mzee wa Behewa #10
Karani umesema kweli, ila umeruka TAZARA. 1975 njia imekwisha kutandikwa, 1976 imekabidhiwa, inapita Makambako na Mbeya, katikati ya hayo mahindi yako! Kwa hiyo si kweli kwamba nyanda za juu kusini hakukuwa na treni. Ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufika hapo.

Karani Mstaafu #11
Sijairuka mzee. Ilikuwa bize na shaba ya Zambia. Gunia la mahindi lilipangwa foleni nyuma ya shaba.

Mla Ndizi wa Mlimba #12
Hapana jamani, msiisingizie TAZARA kwenye hilo. Sisi wa bonde la Kilombero tulilelewa na Kipisi, ile treni ya abiria ya kusimama kila kituo kati ya Kidatu na Makambako. Mama zetu walikuwa wanapandisha mikungu ya ndizi, mchele, samaki wa Kilombero, kuku. Treni ikisimama ni soko, watu wananunua dirishani. Mtu mwenye gunia mbili alikuwa na nafasi. Masika barabara ya kwetu ni tope, bila treni hakuna biashara.

Kwa hiyo aliyesema treni haifai kwa mzigo mdogo wa chakula kila siku, aje Mlimba aulize. Treni ilituhudumia vizuri kabisa. Iliyotushinda ni ratiba. Leo ipo, kesho haipo, keshokutwa kichwa kimeharibika njiani na ndizi zinaivia ndani.

Binti Ilula #13
Sasa si ndiyo hayohayo niliyosema? Ratiba.

Mla Ndizi wa Mlimba #14
Ndizi inakuvumilia kidogo. Nyanya yako haina adabu.

Fuso la Mwisho #15
Nasoma kimya tangu juzi, sasa niseme. Mimi dereva, nimeanza utingo.

Hakuna aliyetaja mzigo wa kurudi. Lori linapeleka saruji, bia, mbolea, mabati Songea au Mpanda. Huo ndio mzigo wa hela. Limeshalipwa. Kurudi Dar tupu ni hasara, kwa hiyo tajiri anakubali kubeba mahindi hata kwa nusu ya nauli ili mafuta yapatikane. Mkulima anaona lori ni rahisi kuliko treni. Si kweli kwamba lori ni rahisi, ni kwamba safari yake imeshalipiwa na saruji. Saruji na bia vikihamia SGR, mtaona nauli ya mahindi itakavyopanda.

La pili, hesabu. Fuso linabeba tani kumi, yaani gunia mia za kilo mia. Dalali wa kawaida mtaji wake ndio huo, gunia mia. Behewa ni kama tani arobaini, gunia mia nne. Nani anazo? Zamani chama cha ushirika kilikuwa nazo. Leo wanunuzi ni watu hamsini, kila mmoja na daftari lake, hawaaminiani hata kuweka mzigo kwenye turubai moja.

La tatu, mwenye mzigo anapanda nami kabini. Analala na mzigo wake. Nani atamruhusu apande juu ya behewa?

Ngoja Waje #16
Huyu ndiye niliyekuwa namngoja. Karanga zimeisha.

Kidagaa wa Ziwani #17
#15 hiyo ya mzigo wa kurudi sikuwahi kuifikiria. Ila inaleta swali: kabla ya lami, saruji ilikwenda na nini? Treni. Na treni nayo ilikuwa na mzigo wa kurudi: pamba kushuka, bidhaa kupanda. Nani alimwacha mwenzake kwanza?

Mkia wa Athi #18
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Machakos, naomba kuchangia kidogo.

Huku kwetu SGR ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017 na tuliambiwa maneno hayohayo. Mzigo wa kontena kutoka bandarini ulipanda treni, tena wengi walilazimishwa, kesi zikafika mahakamani. Mazao ya shamba ni hadithi nyingine. Mahindi ya Kitale hayaoni SGR kwa sababu SGR haifiki Kitale. Kitu kimoja kimeanza kusonga ni parachichi, linateremka Mombasa kwa treni kwenye kontena za baridi. Hilo linafaa: liko pamoja, limefungwa, na meli inalingoja kwa tarehe.

Ng'ombe, tulikuwa na Kenya Meat Commission pale Athi River tangu 1950, ng'ombe wa kaskazini walitembezwa kwa miguu wiki kadhaa kwenye njia zao zilizotengwa zenye visima na maeneo ya karantini. Wakifika wamekonda. Siku hizi lori kutoka Moyale, lami imefika, wanashuka wakiwa na miili yao.

Na mkitaka kuona haraka ni nini, njooni muone pikapu ya miraa ikitoka mji wa Maua, Meru. Miraa ya jana si miraa. Soko la Uingereza lilifungwa 2014 lakini gari halikupunguza mwendo, ndege ya Mogadishu inangoja uwanja wa Wilson.

Toroli la Muheza #19
Mkenya umeingia kwenye uzi wa mahindi na miraa mkononi 😂 karibu lakini.

Mkia wa Athi #20
Nimekuja nayo ili tusisinzie. Uzi ni mrefu.

Mama Kihamba #21
Nyote mnaongelea mazao kwenda mjini. Kuna mzigo unaokwenda kinyume na hakuna anayeuhesabu: chakula cha ng'ombe.

Kwetu Marangu ng'ombe hatoki bandani. Kihamba kimegawanywa kwa watoto mpaka kimekuwa kama uwanja wa nyumba, majani hayatoshi. Bibi zetu walikuwa wanashuka tambarare na kurudi na mzigo wa majani kichwani. Sasa ni pikapu na Canter: mabua ya mahindi kutoka tambarare, majani ya mpunga kutoka skimu za Moshi chini, yamefungwa marobota. Msimu wa mavuno ya bondeni barabara ya kupanda mlimani imejaa mabua. Mwaka mafuta ya dizeli yakipanda, maziwa yanapanda, ingawa ng'ombe hajaenda kokote.

Halafu maziwa yenyewe yanashuka asubuhi kwa bodaboda kwenye madumu. Mzigo unapanda mkavu, unashuka majimaji. Hakuna treni wala semi inayohusika hapo, na ndiyo riziki ya nyumba nyingi.

Msukuma wa Usangu #22
Mama Kihamba, kwetu ng'ombe ndiye anayefuata majani. Kwenu majani yanamfuata ng'ombe. Mnamdekeza.

Mama Kihamba #23
Wako anatembea mpaka Lindi halafu anatoa lita moja. Wangu halipi nauli na ananilipia ada.

Korosho Ghafi #24
Wa kusini nipo. Mnajua Mtwara tulishakuwa na treni? Mpango wa karanga wa Waingereza baada ya vita, mwaka 1947. Walitaka karanga za mafuta, wakajenga reli mpaka Nachingwea na bandari ya Mtwara yenye kina. Karanga zikagoma: udongo mgumu, mvua za kusuasua, matrekta yakafa. Kongwa nako waliweka tawi la reli kwa ajili hiyohiyo. Reli yetu ikafungwa 1962 na kung'olewa.

Korosho zikaja kustawi baadaye bila reli. Mpaka daraja la Mkapa pale Rufiji linafunguliwa 2003, masika Dar ilikuwa safari ya kuaga. Leo korosho ghafi zinaondoka kwa malori na meli, na kila msimu ugomvi ni ule ule, zipitie bandari ya Mtwara au ya Dar.

Fuso la Mwisho amesema hakuna anayekusanya gunia mia nne. Kwetu yupo. Tangu 2007 tuna stakabadhi ghalani, korosho zote zinapitia chama cha msingi na ghala kuu, mzigo uko sehemu moja kwa maelfu ya tani. Mzigo wa treni kabisa huo, na treni waling'oa.

Mzee wa Behewa #25
#24 asante kwa kumbukumbu. Sasa mchanganye na hili: reli ya kati upana wake ni milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Njia tatu, nchi moja. Kidatu ndipo ya kati na TAZARA zinapokutana, mzigo unashushwa huku unapakiwa kule. Kila kushusha ni vibarua, gunia kupasuka na wizi. Tawi lile la Kilosa–Kidatu miaka ya 60 lilifuata miwa ya Kilombero, halikukusudiwa kukutana na mtu.

Dalali Kibaigwa #26
Natoka sokoni penyewe. Wanaosema SGR itabeba mahindi ya Kibaigwa waangalie ramani kwanza. SGR imefuata upande wa Kilosa na Gulwe kama reli ya zamani. Soko letu lilizaliwa kando ya lami. Kupeleka gunia stesheni ni lazima nipakie kwenye lori. Nikishapakia kwenye lori kwa nini nishushe? Nanyoosha Dar.

Halafu bidhaa yenyewe inabadilika. Wateja wa zamani walichukua mahindi. Sasa mashine za kusaga ziko hapahapa, mengi yanaondoka yakiwa sembe, pumba zinaenda kwa wafuga kuku. Singida hivyohivyo, alizeti inakamuliwa kulekule, yanasafiri mafuta. Mkijenga mabehewa ya mahindi leo, kesho mtakuta hakuna mahindi ya kubeba.

Jirani wa Maskati #27
Naunga mkono #26 kwa upande wa nyama. Nipo Oman. Mbuzi wa Kisomali bado wanaletwa hai kwa meli kutoka Berbera. Wa Tanzania na Kenya hapa namkuta ameshachinjwa, mzima mzima, kaja na ndege akiwa na baridi. Aliyehama hapo si lori wala treni. Machinjio yamesogea karibu na mfugaji, na kinachosafiri ni nyama. Tatizo linakuwa umeme na gari la baridi.

Msukuma wa Usangu #28
Huko Ulaya ya Waarabu. Machinjioni Vingunguti, Dar, wanataka ng'ombe aje mwenyewe wamuone.

Fuso la Mwisho #29
Na anakuja na mimi. Ishirini na kitu kwenye Fuso moja, mmoja akilala wenzake wanamkanyaga, mchungaji yuko juu ya bodi na fimbo usiku kucha. Vibali vya mifugo, geti, mizani. Mtu wa treni aliwahi kukesha hivyo?

Mzee wa Behewa #30
Tulikesha. Mchungaji alipanda behewani.

Binti Ilula #31
Swali langu dogo kwa wote: mbona hakuna aliyezungumzia lumbesa? Gari linalipwa kwa gunia, si kwa kilo. Ndiyo maana mnunuzi anashonea kilemba juu ya gunia. Viazi, vitunguu, wote wanalia. Usafiri wa kulipia kichwa cha gunia ndio unaomnyonya mkulima. Kuna mnunuzi mmoja msimu uliopita, gunia lake lilihitaji vijana watatu kulinyanyua.

Mkia wa Athi #32
Huku sheria ya viazi ya 2019 ilisema gunia lisizidi kilo 50. Sheria ipo. Gunia nalo lipo vilevile, limenenepa.

Karani Mstaafu #33
Treni ilipima kwa kilo. Mzani stesheni, karani, risiti. Binti umegusa kitu.

Dalali Kibaigwa #34
Karani mzani wa stesheni nao ulikuwa na watu wake, tusidanganyane.

Kidagaa wa Ziwani #35
Mpaka sasa nina sababu saba na kila moja ina mwenyewe. Bado nashikilia yangu, ila ya bei moja (#9) na ya mzigo wa kurudi (#15) zinanisumbua.

Mgeni wa Mpanda #36
Samahani kuingilia. Nina mpunga Mpanda, gunia kama mia mbili hivi, nataka kuufikisha Dar kabla bei haijashuka. Nasikia kuna treni ya Kaliua. Kuna anayejua nauli na kama behewa zinapatikana?

Mzee wa Behewa #37
Tawi hilo lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, mwisho wa miaka ya 40. Mgodi ulikufa, likabaki likibeba mpunga na mahindi yenu. Unaona Kidagaa? Reli hujifunza. Mgeni, nenda stesheni kaongee na mkuu wa stesheni, uliza kama kuna mwingine mwenye mzigo mchangie behewa.

Fuso la Mwisho #38
Mgeni njoo inbox. Gunia mia mbili ni Fuso mbili. Nina jamaa kashusha saruji Mpanda jana.

Mzee wa Behewa #39
Mnaona sasa.

Ngoja Waje #40
Mgeni usiende inbox, weka nauli hapa hadharani tuilinganishe na ya behewa. Nimenunua karanga nyingine.